Kukimudu Kitenzi “Get”: Tazama Neno Linalokifuata

Mwanafunzi wa shule ya umma nchini Tanzania husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linamjia kwa Kiingereza. Katika wiki zake za mwanzo anaambiwa kwamba “get” maana yake ni “pata”. Anaiandika kwenye daftari na kuikariri. Muda si mrefu anakutana na “It’s getting late”, halafu “Get off at the next stop”, halafu “I don’t get it”, na kwenye kadi ya kumpa pole mgonjwa “Get well soon”. Anaijaribu “pata” yake kila mahali, na kila mahali inagoma.

Tatizo hili haliishii shuleni. Linamsumbua mhudumu wa hoteli Nungwi, karani wa forodha Mombasa, muuguzi anayejiandaa kwenda kufanya kazi Uingereza, na kijana aliyeko Muscat ambaye lugha ya kazini kwake ni Kiingereza. Watu hawa wanajua maneno mengi makubwa. Wanaweza kuandika barua ya maombi ya kazi bila kosa. Lakini mazungumzo ya kawaida yakianza, kitenzi kidogo chenye herufi tatu kinawatupa nje.

Ushauri wangu ni kwamba uache kukariri maana za “get” moja baada ya nyingine. Hazina mwisho, na ukizikariri zitachanganyika. Maana ya kitenzi hiki huamuliwa na neno linalokuja baada yake. Tena, msemaji wa Kiswahili anayo faida ambayo walimu wengi hawaitumii: mambo mengi ambayo Kiingereza huyaeleza kwa “get” na neno lingine, Kiswahili huyaeleza ndani ya kitenzi kimoja, kwa viambishi na mnyambuliko. Tofauti zenyewe unazijua tangu utotoni. Kazi iliyobaki ni kuonyeshwa zinapokutana.

Kwanza asili yake kidogo. Kitenzi hiki kilifika Uingereza na Waviking kutoka Skandinavia, waliovamia na baadaye kulowea mashariki na kaskazini mwa nchi hiyo kuanzia mwishoni mwa karne ya 8. Katika lugha yao kilikuwa “geta”, kwa maana ya kupata. Waingereza walikuwa na ndugu yake wa kienyeji, lakini huyo amebaki kama kipande tu ndani ya maneno kama “forget” na “beget”. Kitenzi “take” nacho kilikuja kwa njia hiyohiyo. Tangu wakati huo “get” kimekuwa kikiongezewa kazi karne baada ya karne, na wenzake wafupi vilevile: katika toleo la 1989 la kamusi kubwa ya Oxford, ingizo refu kuliko yote lilikuwa la “set”. Kiingereza cha kila siku hubebwa na vitenzi vifupi vya namna hii, ndiyo maana inalipa kutulia na kimoja hadi ukimalize.

Jina la kitu likifuata

Ukikutana na “get”, usisimame hapo. Peleka jicho upande wa kulia ujiulize ni neno gani linalofuata. Likiwa jina la kitu, basi uko kwa “pata” na jamaa zake: kupokea, kununua, kuchukua, kuleta. “I got a letter” ni nilipokea barua. “She got a job” ni alipata kazi. “Get some bread on your way home” ni nunua mkate ukiwa njiani kurudi.

Yakifuatana mawili, mtu kisha kitu, hiyo ni kauli yetu ya kutendea. “Get me a chair” ni niletee kiti. “Can I get you some water?” ni nikuletee maji? Mhudumu wa mgahawa akiishika sentensi hiyo moja na kubadilisha tu neno la mwisho, itamfaa kutwa nzima. Mengine huamuliwa na hali mliyomo: simu inapolia, “Can you get that?” ni naomba uipokee, mtu akibisha hodi, “Get the door” ni nenda kafungue.

Upo mtego hapa, nao unatokana na lugha yetu. Kiswahili hupata vitu ambavyo Kiingereza hakivipati. Sisi tunapata ajali na tunapata mtoto. Kwa Kiingereza sanifu mambo hayo huenda na “have”: “They had an accident”, “She had a baby”. Kauli kama “I got an accident” husikika sana Nairobi na Dar es Salaam, na hapa nyumbani hakuna asiyeielewa. Lakini anayejaza fomu ya bima au kujieleza kwa daktari ughaibuni afadhali atumie “had”. Maradhi yenyewe hayana shida, ila angalia unasema nini: “I got malaria in March” ni wakati ulipoipata, “I have malaria” ni kwamba unayo sasa.

Nimechoka, nitachoka

Tumefika mahali ambapo naona pana thamani kuliko pengine pote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Neno la sifa likifuata, “get” humaanisha kuingia katika hali hiyo. “Get tired” ni kuchoka. “Get old” ni kuzeeka, “get wet” ni kulowa, “get angry” ni kukasirika, “get drunk” ni kulewa, “get sick” ni kuugua, “get rich” ni kutajirika, “get fat” ni kunenepa. “Get lost” ni kupotea na “get used to” ni kuzoea. Tazama orodha hiyo kwa makini. Kila mara Kiingereza kimetumia maneno mawili au matatu, na Kiswahili kimetumia kitenzi kimoja kizima. Kwa hiyo unapotaka kusema mojawapo ya mambo haya kwa Kiingereza, usitafute kitenzi kimoja cha kulingana na chetu. Chukua “get”, kisha weka sifa.

Kinachowasumbua watu ni lini waseme “get” na lini waseme “be”. Ni “I am tired” au “I get tired”? “He was angry” au “He got angry”? Vitabu vingi vya sarufi hueleza jambo hili kwa maneno marefu, ilhali Kiswahili kimeshakupa jibu. Angalia kiambishi cha wakati katika sentensi yako ya Kiswahili. Ukikuta -me-, Kiingereza kwa kawaida kitataka “be”. Ukikuta -li-, -ta-, -na- au hu-, kitataka “get”.

Tujaribu. “Nimechoka” ni “I am tired”. “Siku hizi nachoka upesi” ni “I get tired quickly these days”. “Amekasirika” ni “He is angry”. “Hukasirika kwa mambo madogo” ni “He gets angry over small things”. “Nguo zimelowa” ni “The clothes are wet”. “Anua nguo, zitalowa” ni “Bring in the clothes, they’ll get wet”. “Nimeolewa” ni “I am married”. “Niliolewa mwaka 2015” ni “I got married in 2015”. “Tumepotea” ni “We are lost”. “Tulipotea Kariakoo” ni “We got lost in Kariakoo”. “Nimeshazoea” ni “I’m used to it now”. “Utazoea tu” ni “You’ll get used to it”.

Sababu yake ni hii. Katika vitenzi vya hali, -me- hueleza jinsi mtu alivyo sasa baada ya jambo kutokea. Mgeni akiingia ndani ukamwambia “nimechoka”, humsimulii tukio, unamweleza hali uliyo nayo. Viambishi vingine vinaonyesha jambo lenyewe likitokea: lilitokea, linatokea, litatokea, hutokea. Kiingereza nacho kina mgawanyo huohuo, ila kimeuweka kwenye vitenzi viwili tofauti. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- kila mara ni “have” huandika “I have tired”, na kosa hilo humfuata hadi chuo kikuu. Lingeweza kuondoka kwa nusu saa ya mazoezi ya namna hii.

Kwa zamani kanuni ni ileile. “Alilewa” ni “He got drunk”, ndipo alipolewa. “Alikuwa amelewa” ni “He was drunk”, ulimkuta tayari yuko hivyo. Ona -me- imerudi katika “amelewa”, na “be” nayo imerudi.

Kanuni hii ina mpaka wake. Unapolinganisha sasa na zamani, -me- huweza kuvutwa upande wa “get”. “Babu amezeeka” peke yake ni “Grandfather is old”. Lakini “amezeeka sana tangu nilipomwona mwisho” ni “He’s got a lot older since I last saw him”, kwa sababu macho yako yako kwenye mabadiliko. Nje ya hapo, iamini.

Mabadiliko yanapoendelea mbele ya macho yako, tumia “getting”, yenye t mbili. “Giza linaingia” ni “It’s getting dark”. Neno letu “zidi” ndilo mwenzake wa karibu: “hali inazidi kuwa mbaya” ni “Things are getting worse”, “kazi inazidi kuwa ngumu” ni “The work is getting harder”, “mgonjwa anazidi kupata nafuu” ni “The patient is getting better and better”. Kila unaposema “zidi kuwa”, jaribu “getting” na sifa ya kulinganisha.

Onyo moja kabla hatujaondoka hapa. Kazi hii ya “kuwa” hufanywa na “get” mbele ya sifa, haifanywi mbele ya jina. Ukitaka kusema mtu amekuwa mwalimu, sema “He became a teacher”. Ukisema “He got a teacher”, umesema amepata mwalimu wa kumfundisha.

Kutendwa na kutendesha

Wakati mwingine neno linalofuata ni kitenzi kilichokwisha kutendeka: “paid”, “arrested”, “robbed”, “promoted”. Hapo “get” ni -w- yetu ya kutendwa. “He got arrested” ni alikamatwa, “We got robbed” ni tuliibiwa, “She got promoted” ni alipandishwa cheo. Kiingereza pia kina “He was arrested”, na ndicho utakachokiona gazetini au kwenye hukumu ya mahakama. “Got” ni ya mazungumzo, na hupendwa zaidi kwa jambo lililomfika mtu, baya au la heri. Ukiitumia, kumbuka maswali na ukanushi vinahitaji “did”: “Did you get paid?”, “I didn’t get paid”. Wengi huikosa hii kwa kuichanganya na “Were you paid?”.

Likiingia jina katikati, maana inageuka. “I got my phone repaired” maana yake nilipeleka simu kwa fundi akaitengeneza. Kiswahili hapa ni kikarimu, kinakuruhusu kusema “nimetengeneza simu” hata kama hukushika bisibisi. Kiingereza kinachukulia maneno yako kama yalivyo: “I repaired my phone” ni kwamba uliifungua mwenyewe. Kwa hiyo kila ulipomlipa mtu akufanyie kazi, panga hivi: “get”, kitu, kisha kitenzi. “Nimeshonesha kanzu” ni “I got a kanzu made”. “Nitapaka nyumba rangi”, kama mpaka rangi ni mwingine, ni “I’ll get the house painted”. “Nataka kunyoa”, unapoingia kwa kinyozi, ni “I want to get my hair cut”.

Akiingia mtu katikati na kufuatiwa na “to” pamoja na kitenzi, unapata kutendesha kwa ushawishi. “I got him to sign” ni kwamba ulimbembeleza, ukamweleza, ukamzunguka, hatimaye akasaini. “I made him sign” ni ulimlazimisha. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya wakili. Angalia pia umbo: “get” hutaka “to”, “make” haitaki.

Umbo hilohilo hutumika kwa vitu, na hapo Kiswahili na Kiingereza hutazama jambo moja kutoka pande mbili. Gari lisipowaka, sisi tunalitupia gari lawama: limegoma kuwaka, limekataa kuwaka. Mwingereza husema “I can’t get the car to start”. Mlango ukigoma kufunguka, “I can’t get the door to open”. Kompyuta ikikataa kuchapisha, “I can’t get it to print”. Ukizoea kugeuza kila “imegoma” na “imekataa” kwa njia hii, Kiingereza chako cha kazini kitabadilika upesi, kwa sababu ofisini vitu havikosi kugoma.

Kupanda, kushuka na kufika

Safarini “get” hubeba kila kitu, na vineno vidogo ndivyo vinavyotoa mwelekeo. Kupanda ni “get on” au “get in”, kushuka ni “get off” au “get out”. Kuchagua ni rahisi. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, au unachokipanda juu kwa kutanua miguu, ni “on” na “off”: basi, treni ya SGR, meli ya Zanzibar, ndege, baiskeli, bodaboda. Chombo unachoinama na kuketi moja kwa moja ni “in” na “out of”: teksi, bajaji, gari la jirani. Daladala na matatu vihesabu pamoja na mabasi.

Jina la mahali likitanguliwa na “to”, maana ni kufika: “What time do we get to Morogoro?” ni tutafika Morogoro saa ngapi? Lakini “home”, “here” na “there” hazitaki “to”. Sema “I got home at ten”, usiseme “I got to home”. Hili ni kosa dogo linalosikika mbali.

Na “amka” je? Kiswahili kinatosheka na kitenzi kimoja pale ambapo Kiingereza kinataka viwili. “Wake up” ni kufumbua macho, “get up” ni kutoka kitandani. Mtu anaweza kusema “I wake up at five but I get up at six”, na hajajipinga.

“To” ikifuatwa na kitenzi badala ya mahali, tunarudi kwenye Kiswahili kizuri cha wazee: kupata kuona, kujaliwa kuona. “I got to see the old mosque at Kizimkazi” ni nilijaliwa kuuona msikiti wa kale wa Kizimkazi. “I never got to meet my grandfather” ni sikujaliwa kumwona babu yangu. Kuna harufu ya bahati au nafasi adimu katika umbo hili, kwa hiyo usilitumie kwa jambo la kila siku.

“Have got” ni nyumba nyingine

“I’ve got two sisters” haisemi umepata dada wawili. Inasema unao. “I’ve got to go” inasema lazima niende. Katika maneno haya “got” haina tena habari ya kupata. “Have got” nzima ni kuwa na kitu, na “have got to” nzima ni kulazimika. Katika usemi wa haraka hiyo ya pili husikika “gotta”, na utaiona imeandikwa hivyo kwenye manukuu ya filamu. Wewe usiiandike hivyo kwenye barua.

Wamarekani wana “gotten”, na baadhi ya watu hapa kwetu hudhani ni makosa. Ni umbo la zamani lililovuka Atlantiki na walowezi, likadumu huko wakati Uingereza likififia. Mmarekani analitumia kwa kutofautisha: “I’ve gotten a car” ni amelipata gari, “I’ve got a car” ni analo. Chagua upande mmoja na ubaki nao, hasa kwenye mtihani.

Kwa masikio, jua pia kwamba Wamarekani hulainisha t iliyo kati ya irabu mpaka ikakaribia r yetu. “Get up” ya Mmarekani hukaribia “gerap”. Ukiisubiri t kali, maneno yatakupita.

Misemo iliyobaki

Ipo michache ambayo kanuni ya kutazama kulia haiimalizi, ikabidi uijue ilivyo. “Get along with” ni kupatana na mtu, na inapendeza kuona kwamba patana yetu nayo imezaliwa na pata. “Get over” ni kupona au kuacha kuumia moyoni. “Get by” ni kusukuma maisha, kubangaiza. “Get rid of” ni kuondosha au kutupa. “Get away with” ni kufanya kosa usiadhibiwe. “Get across” ni kufikisha ujumbe ukaeleweka. “Get through” ni simu kushika, na pia kuvuka kipindi kigumu. “Get hold of” ni kumpata mtu uliyekuwa ukimtafuta. Hiyo itumie kwa yule asiyepatikana simuni. “Get round to” ni kupata wasaa wa kufanya jambo ulilolichelewesha.

“I get it” na “Got it” ni nimeelewa. Hii haitakusumbua, maana vijana wa mijini wanauliza “unanipata?” kwa maana hiyohiyo. Jirani yake ni “Don’t get me wrong”, usinielewe vibaya, inayofaa sana kabla ya kusema jambo linaloweza kumkera mtu.

Lini ukiweke kando

Kwenye barua rasmi, ripoti, maombi ya kazi na insha ya mtihani, punguza “get”. Badala ya “I got your letter” andika “I received your letter”. Badala ya “get permission” andika “obtain permission”, badala ya “got worse” andika “deteriorated” au “became worse”, badala ya “got to the site” andika “arrived at the site”. Mwisho wa kuandika, pitia karatasi yako uzitafute “get” zote, na kila moja uiulize kama ina kazi maalumu pale.

Kinyume chake ni muhimu vilevile, na sisi tunakisahau zaidi. Kiingereza chetu kimetoka darasani na ofisini, kwa hiyo tukienda dukani tunazungumza kama waraka wa serikali. Muuguzi anayemuuliza mgonjwa “Are you becoming better?” anaeleweka, ila “Are you getting better?” ndiyo inayomtuliza mgonjwa. Anayesema “I arrived home and became hungry” hajakosea sarufi, lakini aliye karibu naye atahisi umbali. “I got home and got hungry” ni lugha ya mtu na jirani yake.

Namna ya kujizoeza

Futa ukurasa ulioandika “get = pata”. Chukua daftari jipya, na upande wa kushoto andika sentensi kamili za Kiswahili kutoka maisha yako mwenyewe, zile ulizozisema kweli siku hiyo: simu imegoma kuchaji, nimelowa, nilishuka Ubungo, tuliporudi mtoto alikuwa amelala. Upande wa kulia andika Kiingereza chake, ukianza kwa kutafuta kiambishi cha wakati na kujiuliza kama jambo hili ni hali au ni tukio. Si zote zitahitaji “get”, na kuzitambua zile zisizohitaji ni sehemu ya zoezi.

Kisha zigeuze wakati. Chukua “nimechoka”, uipeleke kwenye -ta-, -li-, hu- na “nilikuwa nime-”, na kila mara uandike Kiingereza chake. Kitenzi kimoja kwa siku kinatosha. Anza na hivi: choka, lowa, kasirika, potea, zoea, lewa, olewa au oa, ugua. Ukivimaliza hivyo, “be” na “get” hazitakuchanganya tena.

Unaposoma au kusikiliza, fanya jaribio la kubadilisha. Ukiona “get”, weka mahali pake “become”, “receive”, “arrive”, “understand”, “buy” au “bring” uone ipi inakaa. Ikikaa moja, umepata maana. Isipokaa hata moja, kuna uwezekano mkubwa umekutana na kutendwa, au na mojawapo ya misemo niliyoitaja. Hapo ndipo ufungue kamusi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, ni msaada mzuri mradi usiishie kwenye tafsiri ya kwanza. Soma ingizo lote la “get” hadi chini, kalamu mkononi.

Nanyi walimu wa kidato cha kwanza, nawaomba jambo moja. Msimpe mtoto “get” ikiwa peke yake ubaoni. Mpeni “get tired”, “get home”, “get paid” na “get me a chair”, kila moja na Kiswahili chake kando, na mwacheni atumie Kiswahili anachokijua kuzielewa. Hilo halitapunguza Kiingereza chake hata kidogo.